Kitenzi "Get" Masikioni mwa Wasemaji wa Kihispania

Tuseme mlango wa nyuma wa mkahawa mmoja mjini Los Angeles unagongwa. Mpishi mkuu mikono yake imejaa unga, kwa hiyo anamgeukia kijana aliyeanza kazi juzi, mzaliwa wa Guatemala, na kumwambia: "Get the door." Kijana analijua neno "door". "Get" nalo alilisoma shuleni. Mwalimu aliandika ubaoni kwamba ni "obtener", yaani kupata. Sasa aupate mlango wapi, na wa kazi gani? Anasimama na sahani mkononi. Mpishi anarudia maneno yale yale kwa sauti kubwa zaidi. Kijana hakukosea popote: anaitumia maana aliyofundishwa, nayo haifungui mlango.

Alichoagizwa ni kwenda kufungua. Simu ikilia, mpishi huyo huyo atasema "get the phone", na hapo anataka mtu apokee. Mteja akiwaambia wenzake mezani "I'll get this" huku akiivuta bili, anasema atalipa yeye. Mama akimwambia mumewe "get the kids", anamtuma akawachukue watoto shuleni. Kihispania kina kitenzi chake kwa kila tendo kati ya hayo manne: abrir, contestar, pagar, recoger. Kiswahili nacho kina vinne. Kiingereza kinatumia kimoja, chenye herufi tatu.

Si jambo la watu wachache. Nchini Marekani pekee, zaidi ya watu milioni 40 huzungumza Kihispania nyumbani, na wengi wao hukutana na "get" kila siku: kazini, hospitalini, kwenye basi, kwenye mkutano wa wazazi shuleni. Mhadhara huu unakitazama kitenzi hicho kutoka upande wao. Dai lake ni kwamba ugumu wa "get" kwa msemaji wa Kihispania hautoki katika wingi wa maana zake. Unatoka mahali ambapo kila lugha huweka habari ya badiliko. Kihispania huiweka ndani ya kitenzi chenyewe, mara nyingi kwa msaada wa kijineno "se". Kiingereza hukiacha kitenzi kikiwa kitupu na kuiweka habari hiyo katika neno linalofuata. Anayekaririshwa orodha ya maana huchoka kabla orodha haijaisha. Anayezoezwa kutazama neno linalofuata "get" amepewa pa kushika.

Wenye lugha wenyewe walisumbuka nacho. Samuel Johnson, aliyechapisha kamusi yake kubwa mjini London mwaka 1755, alieleza katika dibaji kwamba kazi yake ilizidishwa uzito na kundi la vitenzi ambavyo maana zake ni legevu na matumizi yake hayana mpaka unaoonekana. Alivitaja kwa majina: "come", "give", "put", "take" na vinginevyo, na "get" kimo. Mwanafunzi wa Bogotá au Sevilla anayeona haya kwa kushindwa na neno fupi namna hiyo anapaswa kuambiwa habari ya Johnson siku ya kwanza darasani. Na aambiwe pia kwamba hawezi kulikwepa. Mwaka 1999 Douglas Biber na wenzake walitoa sarufi kubwa ya Kiingereza iliyojengwa juu ya mamilioni ya maneno yaliyokusanywa kutoka mazungumzo, riwaya, magazeti na vitabu vya kitaaluma. "Get" imo katika orodha yao ya vitenzi 12 vinavyotumika kuliko vyote, ukiacha vile vya msingi kama "be" na "have". Lakini mgawanyo wake haulingani: katika mazungumzo imejaa tele, katika maandishi ya kitaaluma ni adimu. Maana yake ni kwamba mtu aliyejifunza Kiingereza vitabuni anaweza kumaliza miaka bila kukutana nayo sawasawa, kisha akashuka uwanja wa ndege na kuisikia mara kumi kabla ya kutoka nje.

Nasaba ya neno hili ina zawadi kwa msemaji wa Kihispania, nayo ni zawadi ambayo vitabu vya shule havimpi. Kiingereza cha kale kilikuwa na shina lake, lakini lilionekana tu ndani ya maneno yaliyoongezewa kiambishi mwanzoni. Mabaki yake ni "forget", kusahau, na "beget", kuzaa. "Get" inayosimama peke yake ililetwa na watu wa Skandinavia, wale Waviking walioishambulia nyumba ya watawa ya Lindisfarne mwaka 793 na ambao wenzao baadaye walifanya makazi kaskazini na mashariki mwa Uingereza. Katika lugha yao neno lilikuwa "geta". Majirani hao wapya waliacha maneno ya ndani kabisa, ya nyumbani: "they", "take", "egg", "window", "sky". Wataalamu wa historia ya lugha wamelifuatilia shina la "geta" hadi kwenye mzizi wa kale wenye maana ya kushika, na mzizi huo huo ulizaa sehemu ya kitenzi cha Kilatini "prehendere". Kutoka "prehendere" Kihispania kilirithi prender, kushika au kuwasha, aprender, kujifunza, emprender, kuanzisha jambo, sorprender, kushangaza, na comprender, kuelewa. Kwa hiyo Mwingereza anayesema "I get it" na Mmexico anayesema "comprendo" wanatumia maneno yenye bibi mmoja. Wote wawili wanasema wameshika.

Ukoo huo, hata hivyo, umefichika. Ukoo ulio wazi ni mwingine, na huo ndio unaomponza mwanafunzi. Baada ya mwaka 1066, William wa Normandy alipoitwaa Uingereza, Kifaransa kikawa lugha ya mabwana, na katika karne zilizofuata maneno yenye asili ya Kilatini yaliingia kwa maelfu: "obtain", "receive", "acquire", "arrive", "comprehend". Msemaji wa Kihispania akiyaona anafurahi, kwa sababu anayajua tangu utotoni: obtener, recibir, adquirir, arribar, comprender. Anayakimbilia. Anaandika "I received your message", na hapo hajakosea kitu. Anasema "I arrived to my house at six", kwa kuwa Kihispania husema "llegué a mi casa", na anaeleweka. Akimwambia rafiki "I obtained a job", anaeleweka pia, lakini rafiki anasikia barua ya ofisini. Jirani yake mzaliwa wa Chicago angesema "I got home at six", bila kihusishi chochote kabla ya "home", na "I got a job". Huku Uingereza na Marekani maneno ya Kilatini yalibaki na harufu ya mahakama na chuo. Nchini Hispania na Amerika ya Kilatini ndugu zao ni maneno ya sokoni. Mtu mchangamfu, mwenye utani na huruma, anaweza kuonekana mkavu kwa miaka mingi katika lugha ya pili kwa sababu tu alichagua maneno yaliyofanana na ya mama yake. Hiyo ni hasara ya kweli, na walimu wanaisahau kwa kuwa haihesabiki kama kosa kwenye mtihani.

Msomaji wa Kiswahili analiona jambo hili kutoka upande wa tatu, maana anacho kitenzi "pata". Mtu hupata kazi, hupata homa, hupata ajali, hupata mimba, hupata hasara. Kwenye simu yenye mawimbi hafifu husema "sikupati", na mambo yakieleweka husema "nimekupata". Anayesema "sijapata kuona" anazungumzia fursa, na hapo yuko karibu kabisa na Mwingereza anayesema "I never got to see it". Hata saa huingia humo: yapata saa kumi. Mtu aliyekulia na "pata" anaweza kudhani amekwisha kuimaliza "get".

Bado. Waswahili hawapati uchovu kwa kitenzi hicho, huchoka. Hukasirika, huzeeka, hupotea, hulewa. Badiliko limo ndani ya kitenzi, na hapo Kiswahili kinakaa benchi moja na Kihispania: cansarse, enojarse, envejecer, perderse, emborracharse. Tena utaratibu unafanana kwa namna ya kupendeza. Kihispania kina cansar, kuchosha. Kikiongeza "se" kinapata cansarse, kuchoka. Kijineno "se" kinafanya pale kazi inayofanywa hapa na tofauti ya chosha na choka. Kiingereza hakina kijineno hicho wala kiambishi hicho. Kina sifa "tired", na ili kuonyesha kwamba mtu ametoka hali moja na kuingia nyingine kinaweka "get" mbele yake: "I got tired". Vivyo hivyo "get angry", "get old", "get lost", "get drunk", "get dressed", "get used to".

Hapa ndipo penye ufunguo mkubwa kuliko wote, na inafaa kutua. Kihispania hutenganisha kwa uangalifu hali iliyopo na badiliko lililoileta. "Estoy cansado" ni hali. "Me cansé" ni badiliko. "Estábamos perdidos", tulikuwa tumepotea. "Nos perdimos", tulipotea. "Está casada", ameolewa. "Se casó", aliolewa. Kiingereza hutenganisha vivyo hivyo, ila kwa vitenzi viwili vifupi: "be" kwa hali, "get" kwa badiliko. "I was tired", "I got tired". "We were lost", "we got lost". "She is married", "she got married". Mwanafunzi akionyeshwa jozi hizo, anagundua kwamba tofauti hiyo anayo tayari kichwani na amekuwa nayo tangu akiwa na miaka mitatu. Kilichobaki ni kubadilisha vazi: palipo na estar aweke "be", palipo na "se" ya badiliko ajaribu "get". Makosa mengi ya kawaida hutibika hapo hapo. "I lost myself in the city" hutoka moja kwa moja kwenye "me perdí". "She married with a lawyer" hutoka kwenye "se casó con un abogado", ilhali Kiingereza kinataka "she married a lawyer" au "she got married to a lawyer".

Ufunguo huo haufungui kila kufuli. Sentarse ni "sit down", irse ni "leave", quejarse ni "complain", acordarse ni "remember", na dormirse ni "fall asleep". Mwalimu mwaminifu atayasema hayo mapema, kabla mwanafunzi hajasema "I got asleep".

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao haupewi heshima unayostahili. Kwa habari ya kuwa, au kugeuka kuwa, Kihispania ni tajiri kuliko Kiingereza. Mtu anayekuwa na wasiwasi kwa muda "se pone nervioso". Anayerukwa na akili "se vuelve loco", na badiliko hilo linatazamwa kama la kudumu. Anayekuwa tajiri au daktari "se hace rico", "se hace médico", na kitenzi hicho mara nyingi kinabeba habari ya juhudi na nia yake. Anayebaki mjane au kiziwi baada ya tukio fulani "se queda viuda", "se queda sordo". Anayefika urais baada ya safari ndefu "llega a ser presidente". Kila kitenzi kinatoa maoni juu ya badiliko: la kupita au la kukaa, la kutafutwa au la kuangukiwa. Mbele ya utajiri huo Kiingereza kinatoa "get nervous" na "get rich" kwa kitenzi kimoja, kisha kinaleta "go mad", "go deaf", "turn red", "grow old" na "become president" kwa utaratibu ambao hauelezeki kirahisi. Msemaji wa Kihispania anaposema anahisi amenyang'anywa vyombo vya kazi, anasema kweli, na anastahili kuambiwa hivyo na mwalimu wake.

Tahadhari moja hapo ni ya lazima. "Get" ya badiliko hufuatwa na sifa, haifuatwi na jina. Anayetaka kusema "se hizo médica", yaani akawa daktari, akasema "she got a doctor", amesema kwamba alileta daktari. "Become a doctor" ndiyo njia. Kosa hili ni dogo kwa sura na kubwa kwa maana, nalo linaonyesha vizuri dai la mhadhara huu: "get" ni ile ile, kilichobadilika ni aina ya neno lililoifuata.

Baada ya hapo kuna habari ya kinyozi. Msemaji wa Kihispania aliyetoka kukatwa nywele husema "me corté el pelo", kwa tafsiri ya neno kwa neno, nilijikata nywele. Hakuna anayedhani alishika mkasi mwenyewe. Aliyeng'olewa jino husema "me saqué una muela"; aliyefanyiwa upasuaji wa goti husema "me operé de la rodilla". Lugha inamtambua mwenye shida na mwenye kulipa, fundi anaachwa aeleweke. Waswahili hawatashangaa: mtu husema "nimejenga Kibaha" ilhali hajawahi kushika mwiko wa uashi, na ni kweli tupu. Kiingereza ni kikali zaidi. "I cut my hair" humaanisha mkasi ulikuwa mkononi mwake, na "I operated on my knee" itamshtua yeyote anayeisikia. Kinachotakiwa ni "I got my hair cut": kwanza "get", kisha kitu chenyewe, kisha kitenzi katika umbo la kutendwa. Mpangilio huo wa maneno ndio mtihani wa pili, kwani Kihispania hupenda kuviweka vitenzi pamoja, "mandé arreglar el carro", niliagiza gari litengenezwe, na mwanafunzi huangukia "I got fixed my car". Gari lazima likae katikati: "I got my car fixed."

Mtu anapomfanya mtu mwingine atende, "get" hudai "to" baada yake: "I got him to come". Jirani zake "make" na "have" hazitaki: "I made him come", "I had him come". Kihispania hapo husema "conseguí que viniera", kwa kutumia "que" na kitenzi cha nia, ndiyo maana husikika "I got that he came". Hakuna siri ya kueleza, ni mazoezi.

Kupanda na kushuka ni hadithi ndefu zaidi. Mwaka 1985 mwanaisimu Leonard Talmy alitoa uchambuzi wa jinsi lugha zinavyogawana kazi ya kueleza mwendo, uchambuzi ambao umezaa tafiti nyingi tangu wakati huo. Katika lugha kama Kihispania, mwelekeo wa mwendo umo ndani ya kitenzi: subir, kupanda, bajar, kushuka, entrar, kuingia, salir, kutoka. Kiswahili kinaonekana wazi kuwa upande huo huo. Katika Kiingereza cha kila siku, kitenzi huachwa kitupu na mwelekeo hukaa nje, katika neno dogo linalofuata: "get up", "get down", "get in", "get out", "get on", "get off". Kwa mara nyingine, "get" haisemi kitu mpaka jirani yake aseme.

Msemaji wa Kihispania "se sube" kwenye gari na "se sube" kwenye basi. Kiingereza kinamtaka aseme "get in the car" na "get on the bus". Kipimo kinachofaa ni kuuliza kama mtu anaweza kusimama na kutembea ndani: basi, treni, ndege na meli huchukua "on" na "off", gari dogo na teksi huchukua "in" na "out of". Kipimo hiki kinamfaa mtu kwa kiasi kikubwa cha safari zake. Vishazi visivyo na mwendo ni vigumu zaidi kukisia, lakini vina jambo moja la kuvutia. "Get along with" ni llevarse bien con, kuelewana na mtu. "Get rid of" ni deshacerse de, kuondokana na kitu. "Get by" ni arreglárselas, kujikimu kwa kubangaiza. "Get over" ugonjwa ni recuperarse. "Get away with" ni salirse con la suya, kufanya utakalo na usiguswe. Vyote vitano kwa Kihispania vina "se" ndani yake. Ni kana kwamba mahali ambapo lugha moja inaona mtu akijihusisha mwenyewe na jambo, nyingine inaona mtu akifika mahali fulani.

Waandishi wa vitabu vya kufundishia wana mtego wao hapa, nao hauko upande wa Kiingereza. Kwa "get the bus" Mhispania wa Madrid husema "coger el autobús" bila wasiwasi wowote. Mexico na Argentina, pamoja na nchi nyingine kadhaa, "coger" ni neno la matusi linalohusu tendo la ndoa, na watu husema tomar au agarrar. Kitabu kilichoandikwa Hispania kikiweka "coger" kuwa jibu la kwanza la "get", darasa la Buenos Aires litaangua kicheko na somo litaishia hapo. Vivyo hivyo kwa "do you get it?": Mhispania huuliza "¿lo pillas?", Mchile huuliza "¿cachái?". Hakuna tafsiri moja ya "get" kwa Kihispania, kwa sababu hata Kihispania chenyewe si kimoja.

Matumizi yanayogusa hisia zaidi ni ya kutendwa. "He was fired" na "he got fired" zote husema mtu amefukuzwa kazi. Ya kwanza inafaa kwenye ripoti. Ya pili ni ya mtu anayemjua aliyefukuzwa. Ndani yake mna huruma, au mshtuko, au hukumu kwamba alijitakia. "Get" ya namna hii hupenda matukio yanayomwacha mtu na jeraha au na furaha: "got robbed", "got hurt", "got promoted". Kihispania hukwepa umbo la kutendwa na kusema "lo despidieron", walimfukuza, bila kutaja ni akina nani. "Me robaron el celular", waliniibia simu. Ndiyo maana mwanafunzi husema "they robbed me the cellphone". Kiingereza kinataka "I got my phone stolen" au "my phone got stolen". Mswahili hapa ana bahati kuliko wote, maana "nimeibiwa simu" inamaliza kazi kwa maneno mawili.

Kuna jambo la kihistoria ambalo darasa lolote la wasemaji wa Kihispania litalipenda. Moja ya mifano ya zamani kabisa ambayo wanahistoria wa lugha huitaja wanapojadili umbo hili imetoka katika kitabu cha mwaka 1652 cha John Gaule, mwandishi aliyepinga unajimu na uchawi. Sentensi hiyo inamzungumzia Mhispania mmoja aliyejidai kuijua elimu ya kugeuza madini kuwa dhahabu, ambaye "got acquainted", alijuana, na wafanyabiashara wanne matajiri, nao Wahispania. Tangu ukurasa huo wa karne ya 17, Kihispania na "get" vimo katika habari moja.

Kuhusu wakati timilifu, yatosha kusema machache. Uingereza leo husema "got" mahali pote. Marekani ilihifadhi "gotten", umbo la zamani lililokuwa likitumika Uingereza kwenyewe, ambalo bado liko hai pande zote mbili za bahari ndani ya "forgotten". Mmarekani hutenganisha: "I've got a car" ni kuwa nalo, "tengo", "I've gotten a car" ni kulipata. Anayeishi Texas ajifunze tofauti hiyo. Anayeishi London asijisumbue.

Kwa mwalimu, haya yote yanageuka kuwa mpangilio wa kazi. Aanze na jina baada ya "get", penye maana za kupata, kupokea, kununua, kuleta; Kihispania hapo kina conseguir, recibir, comprar, traer, na mwanafunzi ataijua maana kwa kuitazama nomino yenyewe na mahali alipo. "Get a letter" haiwezi kuwa kununua barua. "Get some milk", mtu akiwa njiani kwenda dukani, haiwezi kuwa kuipokea. Na "get the door" haiwezi kuwa kuupata, kwa kuwa mlango upo tayari na unagongwa. Kisha aende kwenye sifa na jozi za estar na "se". Kisha mahali, "get home", "get to work", "get there". Kinyozi na fundi wa gari wafuate, halafu maneno madogo ya "on" na "off". Mpangilio huu ni mbadala wa ule wa kamusi za lugha mbili, ambazo huorodhesha tafsiri kwa safu ndefu kana kwamba kila moja ni neno jipya, na kumwacha msomaji achague gizani.

Bado kuna sauti, ambayo huachwa mwisho ingawa huanza kazi kabla ya yote. Mtoto wa Lima akiliona neno "get" limeandikwa, macho yake yanasoma "ge" kama katika "gente", kwa sauti iliyo karibu na "kh" ya Kiswahili. Kwa hiyo "khet". Akisharekebishwa, anakutana na "t" ya mwisho, ambayo maneno ya Kihispania karibu hayamalizikii nayo, na anaiangusha. Inabaki "ge". Kisha anahamia Miami na kumsikia kila mtu akisema kitu ambacho si "get it" aliyoifahamu, bali kitu kama "gerit", na hajui ni nini. Wamarekani wengi wakiiweka "t" katikati ya irabu mbili namna hiyo, ulimi hugonga ufizi mara moja tu, haraka, na pigo hilo moja ndilo hasa "r" ya Kihispania katika "pero" na "caro". Sauti ambayo wanafunzi Wafaransa huihangaikia, msemaji wa Kihispania anayo mdomoni tangu neno lake la kwanza. Mwalimu amwambie aseme "pero" mara tatu, kisha, bila kubadilisha kitu chochote kwenye ulimi, aseme "get it", "get up", "get on", "get out".